Ghala Moja kwa Kamusi Elezo za Lugha Zote

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Tunduma kwa barabara kuu, akishaipita Makambako na kuanza kuliteremkia bonde la Usangu, hufika Igawa, na hapo ndipo Mkoa wa Mbeya unapoanza. Ardhi aliyoiacha nyuma yake ilikuwa ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Tangu mwaka huo ni ya Mkoa wa Njombe. Mpaka haukusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni jina la mkoa ulio ng'ambo yake tu. Hata hivyo, badiliko hilo la jina lilizipa kazi kubwa kamusi elezo za dunia nzima, na kazi hiyo, kwa maoni yetu, inawahusu wananchi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko wanavyodhani.

Tutazame hesabu za watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,707,410 katika Mkoa wa Mbeya. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,343,754. Mgeni asiyejua mambo ya nchi hii, akiziweka namba hizo mbili sambamba, atadhani kwamba Mbeya ilipatwa na njaa au tauni iliyoangamiza watu zaidi ya laki tatu na nusu katika muda wa miaka kumi. Kumbe watu walizidi kuongezeka. Mwaka 2016 wilaya za upande wa magharibi zilikatwa zikafanywa Mkoa wa Songwe, ambao peke yake ulikuwa na watu 1,344,687 mwaka 2022. Ukiijumlisha mikoa hiyo miwili utapata watu 3,688,441, yaani nyongeza ya karibu milioni moja. Iringa nayo ilionekana kuporomoka kutoka watu karibu milioni moja na nusu mwaka 2002 hadi 941,238 mwaka 2012, kwa sababu Njombe ilikuwa imeondoka na watu wake 702,097.

Hesabu hizo zote ni za kweli, kila moja kwa siku yake na kwa mipaka yake. Upotovu huanza pale namba inapotengwa na tarehe yake, ikaandikwa peke yake kana kwamba ni ya milele. Na hivyo ndivyo namba nyingi za nchi yetu zinavyoishi ugenini.

Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandao ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuisahihisha, ilianza kwa Kiingereza mwezi Januari 2001. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Leo ipo kwa lugha zaidi ya 300. Watu wengi hudhani kwamba hicho ni kitabu kimoja kilichotafsiriwa mara 300. Sivyo. Ni vitabu zaidi ya 300, kila kimoja na waandishi wake wa kujitolea, desturi zake na ugomvi wake. Kwa upande wa fikra hilo ni jambo jema, kwa sababu Mswahili hana haja ya kungoja Mwingereza amwandikie habari za ngalawa au za unyago. Kwa upande wa takwimu ni hasara tupu. Njombe ilipofanywa mkoa, mwandishi wa Kiswahili alipaswa kusahihisha makala ya Iringa, ya Njombe, na ya kila wilaya na kata iliyohama. Mjerumani alipaswa kufanya kazi ile ile kwa Kijerumani, Mfaransa kwa Kifaransa, Mpolandi kwa Kipolandi. Lugha yenye maelfu ya waandishi iliweza kumaliza upesi. Lugha yenye waandishi wachache iliendelea kuwafundisha wasomaji wake jiografia ya mwaka 2011.

Hata kuziunganisha makala zenyewe kulikuwa adha. Tuseme habari za ziwa fulani zimeandikwa kwa lugha 50. Kila makala ilibeba orodha ya makala nyingine 49, nazo zote pamoja zilikuwa na viungo 2,450. Mwandishi mmoja akibadili jina la makala yake, orodha 49 ziliharibika. Programu maalumu zilikesha zikipita huku na huku kurekebisha orodha hizo, na mara nyingine zilieneza kosa badala ya kuliondoa: makala ya mji ikiunganishwa kimakosa na makala ya mto wenye jina hilo hilo, kosa lilisafiri lugha hata lugha.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa picha. Mwezi Septemba 2004 ilifunguliwa Wikimedia Commons, bohari moja ambamo picha huwekwa mara moja na kila lugha ikaitumia bila kunakili. Kilichobaki kilikuwa kufanya vivyo hivyo kwa namba, tarehe na majina. Kazi hiyo ilianza mjini Berlin mwaka 2012 chini ya Wikimedia Deutschland, chama cha Wajerumani wanaoisaidia Wikipedia, na aliyeiongoza ni Denny Vrandečić. Fedha za mwanzo, euro milioni 1.3, zilitoka kwa taasisi ya utafiti ya Paul Allen, mfuko wa Gordon na Betty Moore, na kampuni ya Google. Ghala lilifunguliwa tarehe 29 Oktoba 2012 kwa jina la Wikidata. Mwezi Januari 2013 Wikipedia ya Kihungari ikawa ya kwanza kuzitupa orodha zake za zamani na kuchota viungo kutoka ghalani. Kufikia Machi mwaka huo lugha zote zilikuwa zimefuata. Yafaa ikumbukwe kwamba walioanza walikuwa Wahungari. Waingereza walingoja kwanza waone.

Utaratibu wake ni mwepesi kuuelewa kwa yeyote aliyewahi kuona daftari la kijiji. Kila kitu hupewa namba yake, ili jina lisiwe chanzo cha mgogoro. Dunia yetu ni Q2. Tanzania ni Q924. Lugha ya Kiswahili ni Q7838. Umuhimu wa namba huonekana mara moja mtu anapoandika neno Igawa katika kompyuta. Ataletewa Kei Igawa, Mjapani mrusha mpira wa besiboli aliyechezea Hanshin Tigers na baadaye New York Yankees. Ataletewa bwawa la Igawa lililoko Shizuoka, huko huko Japani. Na Igawa yetu ya barabara ya Tunduma itabidi isubiri zamu yake. Wote watatu wana haki ya kuitwa Igawa. Wakiwa na namba mbalimbali, hakuna mashine itakayompeleka mchezaji wa Japani akaishi Mbarali.

Chini ya namba huandikwa kauli fupi fupi: kitu hiki ni cha aina gani, kimo ndani ya wilaya gani, kina wakazi wangapi. Kila kauli yaweza kufungiwa tarehe na chanzo chake. Kwa hiyo Mbeya haina idadi moja ya watu. Ina idadi ya 2012 na idadi ya 2022, kila moja na sensa yake, na mkoa wa Songwe una mwaka wake wa kuzaliwa. Msomaji wa Kikorea atakayeuliza mbona watu wamepungua, ana pa kupata jibu.

Tena ghala hili halimlazimishi mtu kuchagua ukweli mmoja pale ambapo wapimaji wenyewe hawakupatana. Sisi sote tulifundishwa shuleni kwamba Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895. Namba hiyo yatokana na vipimo vya Waingereza vya mwaka 1952. Mwaka 1999 wapimaji waliotumia setilaiti walipata mita 5,892 na kitu, na mwaka 2008 wengine wakapata 5,891 na kitu. Katika makala ya kawaida waandishi hugombana, anayechelewa kulala ndiye anayeshinda. Katika ghala, namba zote tatu zaweza kukaa pamoja, kila moja ikitaja mpimaji na mwaka wake, na moja ikawekewa alama kwamba ndiyo inayopendelewa.

Yote haya si mageni kwa watu wa Afrika Mashariki kama yanavyoonekana. Kabla ya mwaka 1930 kila mmoja wa waandishi wa Kiswahili, mmisionari au mtumishi wa serikali, alikuwa na tahajia yake. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka huo kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa, kwa kweli, ghala la pamoja la maneno. Ilitusaidia sana, na pia ilituachia manung'uniko ambayo hayajesha, kwani Mombasa waliona lahaja yao imewekwa kando na ya Unguja. Anayekusanya vitu mahali pamoja huamua pia kipi kiwe mbele na kipi kiwe nyuma.

Faida kwa Kiswahili ni kubwa. Lugha yenye waandishi wachache haiwezi kushindana kwa wingi wa mikono, bali yaweza kufaidi kazi ya mikono ya wengine. Mtu mmoja akiingiza matokeo ya sensa ghalani, masanduku ya habari yaliyo pembeni mwa makala zilizotengenezewa kuchota humo hubadilika kwa lugha zote siku ile ile. Lakini kuna sharti. Kila kitu chenye namba huhitaji kuandikiwa jina lake kwa Kiswahili. Jina likikosekana, msomaji wetu huletewa la Kiingereza. Vitu vilivyomo ghalani sasa ni zaidi ya milioni 100, na vingi mno havina jina la Kiswahili. Mwanafunzi huona sanduku nusu la kwao na nusu la ugenini.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda lugha wanapaswa kulitazama kwa makini. Tangu mwaka 2018 Wikidata imeanza kutunza pia maneno, pamoja na sarufi yake. Nia iliyo nyuma yake ni kwamba siku moja sentensi nyepesi za kamusi elezo ziundwe na mashine moja kwa moja kutoka kwenye takwimu, kwa lugha yoyote. Mradi wa Wikifunctions uliofunguliwa mwaka 2023 ni hatua ya safari hiyo. Kwa Kiingereza kazi si ngumu sana: kitenzi kile kile humfaa mji, mkoa na mlima. Kwa Kiswahili mkoa una wakazi, wilaya ina wakazi, jiji lina wakazi, kijiji kina wakazi, na mikoa ina wakazi. Mashine isiyofundishwa ngeli itatuandikia kijiji una wakazi, na itatuandikia mara elfu kumi kabla ya chai ya asubuhi. Nani ataifundisha? Ngeli hazijulikani Berlin. Zinajulikana kwa walimu wetu wa shule za msingi, waliokwisha kuzisahihisha katika madaftari tangu enzi za chaki. Hapo BAKITA na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zina kazi ambayo haitafanywa na mtu mwingine yeyote. Na ikifanywa na mwingine, tusije tukalalamika.

Sasa tuje kwenye hatari, maana zipo, na si haki kuzificha.

Wakulima wa huku wanajua ghala ni nini. Makambako kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na mwenye mahindi akifika pale haulizwi kwanza ameleta magunia mangapi. Huulizwa kama mahindi yamekauka. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, anarudi nayo akayaanike. Ukali huo si wa bure, kwa sababu gunia moja bichi huozesha mrundo mzima. Wikidata ilipoanza, haikuwa na mpimaji wa unyevu wa namna hiyo. Mswidi mmoja, Sverker Johansson, alikuwa ametengeneza programu iitwayo Lsjbot, ambayo iliandika mamilioni ya makala za vijiji, vilima na mito kwa kuchota orodha ya majina ya mahali iliyokusanywa na GeoNames. Makala hizo ziliandikwa kwa Kiswidi na kwa Kisebuano, lugha ya Ufilipino, hata Wikipedia ya Kisebuano ikapita makala milioni sita na kuzishinda lugha zote isipokuwa Kiingereza. Orodha iliyochotwa ilikuwa na makosa: kilima kimoja kimeandikwa mara mbili kwa tahajia mbili, mto umewekwa mahali pasipo mto. Makosa hayo yakaingia ghalani kwa wingi, yakapewa namba, na kitu kikishapewa namba huonekana kuwa cha kweli. Waangalizi wangali wanayachambua.

Ugonjwa wa pili ni wa chanzo. Kauli nyingi ghalani hutaja kuwa zimetoka katika Wikipedia ya Kiingereza au ya lugha nyingine, nayo Wikipedia hiyo yaweza kesho kuchota kauli zile zile kutoka ghalani. Shahidi anamtaja shahidi mwenzake, naye anamtaja yeye. Hakimu wa mahakama ya mwanzo angewafukuza wote wawili.

Mark Graham, mtaalamu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alionya mwaka 2012, ghala likiwa bado linajengwa, kwamba kuziunganisha lugha zote kwenye kauli moja kunaweza kufuta tofauti za mtazamo ambazo zina sababu zake. Onyo lake lilihusu miji yenye mgogoro kama Yerusalemu, lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Mkoa wa Mbeya unafika Kyela, na Kyela ni pwani ya ziwa ambalo sisi tunaliita Nyasa, Wamalawi wanaliita Malawi, na Wamsumbiji wanaliita Niassa. Kwa upande wa majina ghala limetatua tatizo vizuri: namba moja, majina matatu, hakuna aliyeibiwa. Kwa upande wa mpaka si rahisi hivyo. Malawi hushikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, kwamba mpaka unapita ufukweni upande wetu. Tanzania husema unapita katikati ya maji. Watengenezaji wa ghala walijibu kwamba kauli zote mbili zaweza kuandikwa, kila moja na mwenyewe. Ni kweli. Ila ramani itakayochorwa kwenye simu ya kijana wa Kyela huwa na mstari mmoja tu, na aliyeutengeneza mstari huo hakumuuliza mvuvi yeyote wa Matema.

Na tukirudi karibu na Igawa, shauri ni zito zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 10,300 hadi mwaka 2008, ilipoongezewa ardhi ya bonde la Usangu na bwawa la asili la Ihefu. Vitabu vikaanza kuandika 20,226. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza mipaka upya, na habari hiyo ikasikika vijijini Mbarali kwa masikio mawili tofauti, kwani kuna waliorudishiwa mashamba na kuna walioambiwa wahame. Kwa mtalii namba hizo ni pambo la kijitabu. Kwa mkulima wa mpunga wa Ubaruku au mfugaji wa Madibira, ndizo zinazosema kama amelala kwake au amelala hifadhini. Basi ni lazima zote ziandikwe kwa miaka yake, pamoja na tangazo lililozizaa kila moja, ili mtu asije akasoma namba ya mwaka 2008 mwaka huu akaichukua kuwa ndiyo sheria. Ghala lina nafasi ya kuandika hayo. Kinachohitajika ni mwandishi anayeijua Mbarali.

Tunatilia mkazo hilo la mwisho. Taarifa zilizowekwa ghalani hutolewa bure bila sharti lolote. Mtu yeyote, hata kampuni kubwa, aweza kuzitumia bila kuomba ruhusa wala kutaja zilikotoka. Mitambo ya kutafutia habari na mashine zinazojibu maswali kwa sauti huchota humo. Kosa la Igawa lililoandikwa leo na mtu aliyeko ng'ambo laweza kesho kutamkwa kwa sauti nzuri kabisa kama jibu la swali la mtoto wa darasa la tano. Zamani kosa la kitabu kimoja lilikufa pamoja na kitabu chake.

Hatuoni sababu ya kuliogopa ghala kwa ajili ya hayo. Tunaona sababu ya kupeleka watu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huchapisha matokeo ya sensa hadi ngazi ya kata. Kazi ya kuyapanga ili yaingizwe ghalani kwa mkupuo, pamoja na chanzo chake, ni ya siku chache kwa kijana anayejua kompyuta, na ingefaa ofisi yenyewe iifanye badala ya kuwaachia wapita njia. Halmashauri za wilaya zinajua ni lini kata iligawanywa na mpya ikaitwaje. Wataalamu wa maji wana kituo cha kuupima mto Mbarali pale pale Igawa, na vipimo vyake hutajwa katika taarifa nyingi za Kiingereza kuhusu kukauka kwa Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Hakuna ubaya wananchi nao wakijua kwa Kiswahili kwamba kituo hicho kipo na kinapima nini.

Na ipo kazi ndogo ya kuanzia. Wilaya ya Mbarali ina Igawa ya barabara kuu, na ina kata iitwayo Igava. Herufi moja tu inayatenganisha majina hayo, tena katika sehemu ambayo wazee husema Vasangu na vijana husema Wasangu, hata mgeni yeyote, na mashine yoyote, itaamua kwamba moja ni kosa la chapa na kuyaunganisha. Mwalimu wa Rujewa mwenye simu yenye intaneti aweza kuangalia kama kila mahali pana namba yake, kama pamewekwa kwenye ramani panapostahili, na kama jina lake la Kiswahili limeandikwa, kisha akaongeza kauli moja kwamba mahali hapa ni tofauti na pale. Kauli ya namna hiyo imetengewa nafasi yake ghalani. Kuijaza hakumchukui hata saa moja.